Taa za Kwenda Nazo Dago: Niliyojifunza Ruvu

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika jarida letu nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo wengine watalidharau, nalo ni taa ya kwenda nayo dago. Najua watakuwako watakaosema, "Tuna taabu ya wachumaji, tuna taabu ya mikarafuu kufa, na huyu anatuletea habari za kurunzi!" Nawaomba wanachama wenzangu wavumilie mpaka mwisho, kisha wahukumu wenyewe. Karafuu huchumwa mchana, lakini sehemu kubwa ya kazi yake hufanywa usiku, na hasara nyingi tuzionazo asubuhi zilitokea usiku.

Sote twajua maisha ya dago yalivyo. Mwenye shamba la mbali huhama kwake na watu wake, akajenga kibanda cha makuti, akakaa huko majuma matatu au manne mpaka karafuu zimalizike. Jioni wachumaji hurudi na mapakacha yao, na hapo ndipo kuchambua huanza, karafuu upande wake na makonyo upande wake. Baadaye huja kupima kwa pishi, na kila mtu kuandikiwa hesabu yake. Zile zilizoanikwa mchana zimekwisha kusanywa zisipate umande, na hapana budi mtu azilinde. Kisha saa nane za usiku mvua hupiga makuti, watu wote wakaamka mbio kutazama kama turubali limefunika vizuri. Kazi zote hizo zataka taa, na taa ya kazi moja siyo ya kazi nyingine. Lakini sisi hununua taa kama anunuavyo mtu kofia ya sikukuu, yaani tunatazama ipi inang'aa zaidi dukani.

Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wa hao, na nimekuja kujifunza mbali na kisiwa chetu. Mwaka jana, mwezi wa Juni, kabla ya msimu wetu kuanza, nilikwenda bara kumsaidia shemeji yangu mavuno ya mpunga huko Ruvu, upande wa Kibaha. Wanachama waliokwenda Dar es Salaam wanakunywa maji ya mto huo pengine bila ya kujua, maana mtambo wa Ruvu Juu ulijengwa mwaka 1959 na wa Ruvu Chini mwaka 1976, na jiji linautegemea mto huo mpaka leo. Mto wenyewe unashuka kutoka milima ya Uluguru, ukapita bondeni na kuingia baharini karibu na Bagamoyo. Siku hizi hata treni ya umeme, iliyoanza kuchukua abiria baina ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi wa Juni 2024, ina stesheni yake hapo Ruvu. Basi mtu angedhani mahali penye mambo hayo hapana giza. Kumbe ukitoka barabarani ukaingia mashambani mwendo wa saa moja kwa miguu, giza ni lile lile la babu zetu. Wakulima hulala vibandani na juu ya madungu kulinda mpunga, ndege mchana, nguruwe usiku, na viboko hutoka mtoni kila usiku kula majani. Hilo ni dago kama letu, ila badala ya karafuu ni mpunga.

Nami nilikwenda na kurunzi kubwa mpya niliyoinunua kwa fahari. Sanduku lake liliandikwa kwamba mwanga wake unafika kilomita mbili. Usiku wa kwanza niliwamulikia watu miti ya ng'ambo, wakanisifu. Usiku wa pili ikaanza kuwa ya manjano. Usiku wa tatu ikazima, na kuijaza kulitaka umeme wa ukutani, na ukuta wenye umeme ulikuwa Mlandizi. Majuma mawili na nusu yaliyobaki niliitumia kama jiwe la kuzuia mlango wa kibanda.

Mzee tuliyepakana naye shamba alikuwa na taa tatu, na zote tatu pamoja hazikufika uzito wa ile yangu. Moja ilikuwa tochi ndogo, urefu wa kidole, aliyoifunga kwa uzi shingoni. Ya pili ilikuwa tochi ya kuvaa kichwani. Ya tatu ilikuwa taa ya jua, bapa kama sahani, aliyoianika mchana juu ya paa na kuitundika ndani jioni. Usiku wa nne, baada ya saa mbili, mtoto wa shemeji yangu alitaka kuifuata ndoo aliyoisahau ukingoni. Mzee akamwambia, "Ngoja kwanza, mjukuu wangu." Akatoa ile tochi yake ya kidole akamulika njia. Hatua kama ishirini mbele yetu, pale pale njiani, kiboko alikuwa anakula majani. Mzee hakupiga kelele wala hakukimbia. Aliuteremsha mwanga chini, akaturudisha nyuma taratibu mpaka kibandani, na ndoo tukaifuata asubuhi. Nikafikiri moyoni kwamba laiti mtoto yule angeitegemea taa yangu, angekwenda gizani. Mzee akanitazama akasema, "Mpemba, taa si ya kuwaonyesha watu. Taa ni ya kukuonyesha wewe." Nikamjibu, "Kweli, mzee wangu," na tangu siku ile nikaanza kumwuliza maswali.

Sasa nitaeleza niliyoyapata kwake, pamoja na yale niliyojifunza baadaye kwa kuuliza na kwa kupima mwenyewe.

Jambo la kwanza ni kwamba mwanga una bei yake, na bei yenyewe hulipwa kwa saa. Taa za siku hizi za LED ni neema kubwa. Waliovumbua LED ya rangi ya buluu, ambayo ndiyo iliyowezesha taa hizi nyeupe, yaani Akasaki, Amano na Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014, nao walistahili. Taa nzuri ya namna hiyo hutoa lumeni kama 100 kwa kila wati moja ya umeme. Lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga, na mshumaa mmoja hutoa kama lumeni 12. Betri moja ya lithiamu ya kimo cha 18650, yaani upana milimita 18 na urefu milimita 65, ikiwa ya kweli na ya miliampea-saa 3000, ina akiba ya wati-saa zipatazo 10 na kidogo. Basi hesabu ni nyepesi. Ukiiwasha taa kwa lumeni 100 utapata saa nane hivi, ukiondoa kinachopotea njiani. Ukiiwasha kwa lumeni 1000 haifiki hata saa moja. Betri ni ile ile. Anayetaka kumulika ng'ambo na akaona mpaka alfajiri kwa betri hiyo moja anataka ng'ombe wa kuchinja na wa kukama awe mmoja.

Kwa hiyo taa ya dago hapana budi iwe na hatua za mwanga, na hatua ya chini kabisa ndiyo ya kutazamwa kwanza dukani. Lumeni tano zatosha kutafuta viatu, kumtazama mtoto aliyelala, na kusoma namba katika daftari. Lumeni 30 mpaka 50 zatosha kwenda njiani. Mia moja zikienea vizuri zawatosha watu sita au saba waliozunguka jamvi kuchambua. Wingi zaidi ya hapo ni wa dakika chache tu, pale mtu anaposikia kishindo.

Jambo la pili, maandishi ya sandukuni yasomwe kwa macho mawili. Watengenezaji wanaofuata kanuni iitwayo ANSI FL1 huandika saa za kuwaka na umbali wa mwanga, na namba zao ni za haki, lakini lazima mtu ajue maana yake. Saa zilizoandikwa zahesabiwa mpaka mwanga utakapopungua kufikia sehemu moja ya kumi ya ule wa mwanzo, maana yake ni kwamba saa za mwisho si sawa na za mwanzo. Umbali nao wahesabiwa mpaka pale mwanga unapokuwa hafifu kama wa mbalamwezi, na hakuna anayeweza kuona nyoka majanini kwa mwanga huo. Ama zile taa zisizofuata kanuni yoyote, huandika watakacho. Utaona betri ya 18650 imeandikwa miliampea-saa 9900. Huo ni uwongo. Nzuri kabisa ya kimo hicho hufikia 3500 au zaidi kidogo. Ukiwa na mizani ya dukani, ipime. Ya kweli aghalabu huwa na gramu 45 hivi, na nyingi za uwongo huwa nyepesi sana kwa sababu ndani mna betri ndogo au kijazio tu.

Jambo la tatu ndilo zito kwetu sisi watu wa karafuu. Wako wanachama wanaosema taa ya jua yatosha, haina gharama, na tuachane na betri. Nami naipenda taa ya jua, lakini nawaomba tufikiri pamoja. Jua linalojaza taa ndilo lile lile linalokausha karafuu. Siku karafuu zikipata jua, taa nayo hushiba, na usiku ule kazi ni ndogo. Siku za vuli, mawingu yakitanda tangu asubuhi, karafuu zimelala mbichi zinatishia kuvunda, kila mtu anahangaika kuzigeuza na kuzifunika, usiku huo ndio taa inatakiwa zaidi kuliko usiku wowote, na ndio usiku taa ya jua ina njaa. Basi anayetegemea jua peke yake atakuwa na taa siku zote isipokuwa siku ya haja. Shauri langu ni taa ya jua iwe ya kila siku, na pamoja nayo iwepo tochi ya betri za kununua, zile ndogo za AA ambazo hata duka la kijijini linazo, nayo isiguswe ila jua likikosekana. Hapana haja ya kwenda mjini kutafuta umeme wakati karafuu ziko jamvini.

Na taa zote za betri za mtu mmoja ziwe za kimo kimoja cha betri. Nimeona dago moja lina tochi nne na kila moja yataka betri ya namna yake. Ikizima moja, betri za nyingine haziwezi kuiokoa. Kadhalika betri kuukuu zisichanganywe na mpya katika tochi moja, na msimu ukiisha zitolewe zote, kwa sababu betri kavu zikisahaulika ndani huvuja na kuila tochi mpaka ikaharibika.

Jambo la nne ni mikono. Kuchambua kwataka mikono miwili, kufunga turubali kwataka mikono miwili, na kumwinua mtu aliyeumia kwataka minne. Tochi ya kichwani ni bora kuliko tochi ya mkononi kwa kazi zote hizo. Ila mvaaji ajifunze adabu yake, asimtazame mwenzake usoni, maana atampofusha. Jicho likizoea giza huchukua kama nusu saa kuzoea sawasawa, na mwanga mkali wa mara moja hulirudisha mwanzo. Kwa ajili hiyo tochi nyingine zina mwanga mwekundu ulio hafifu, ambao hauliharibu sana jicho lililozoea giza. Huko Kisarawe warinaji wa asali walinionyesha faida nyingine ya mwanga huo. Nyuki hawaioni rangi nyekundu, basi mrinaji huufungua mzinga usiku kwa mwanga mwekundu na nyuki wasiufuate uso wake. Mwenzetu mwenye mizinga katika shamba lake na alichukue hilo.

Jambo la tano ni maji. Tafuta maandishi ya IPX4 yenye kuonyesha kwamba taa yavumilia kurushiwa maji pande zote, au IPX7 ambayo yaweza kuzama maji ya mita moja kwa nusu saa. Ya kwanza yatosha kwa mvua yetu. Ya pili ni ya mvuvi.

Sasa nawajibu wale walio na maoni mengine. Wako wazee wetu wasemao kandili imewatosha tangu ujana wao. Nawaheshimu, na kandili nimeisomea mimi pia. Lakini kandili na kibatari katika kibanda cha makuti, chini yake majamvi na magunia makavu, ni moto ulioalikwa nyumbani. Mafuta ya taa ndani ya chupa ya soda yamewahi kunywewa na watoto katika nchi nyingi, na moshi wake hukaa katika karafuu tunazotaka zinukie karafuu. Wako vijana wasemao simu ina tochi, ya nini kununua nyingine? Simu ni ya kumwita mtu wakati wa hatari. Kijana anayeitumia kuchambulia mpaka saa nne usiku ataipata imezima saa nane atakapoihitaji. Na wako wasemao umeme umekwisha fika. Ni kweli, tangu mwaka 2010 waya wa chini ya bahari unatuletea Pemba umeme kutoka Tanga, na tunashukuru. Lakini waya huo haukufika chini ya mikarafuu. Tena wenzetu wa Unguja wanakumbuka mwaka 2008, walipokaa mwezi mzima bila ya umeme, na tangu Desemba 2009 mpaka Machi 2010, walipokaa kiasi cha miezi mitatu. Mtu mwenye taa yake njema hapati kuadhirika hivyo.

Limebaki neno moja ambalo kwangu ni zito kuliko yote niliyoyasema. Taa nzuri ina hatari yake. Msimu uliopita nilimwona kijana amevaa tochi mpya ya kichwani, akaukwea mkarafuu baada ya magharibi ili atimize pishi mbili zilizobaki. Aliniambia, "Baba, si naona?" Alikuwa anaona alipotazama, lakini hakuona pale alipokanyaga. Tawi la mkarafuu ni jepesi kuvunjika hata mchana, na mwanga wa kichwani huenda na uso, hauendi na mguu. Nilimsihi mpaka akateremka, naye alinikasirikia siku mbili. Bora hasira za siku mbili kuliko kumpeleka kwa mama yake amebebwa. Nasema wazi mbele ya wanachama wote kwamba hakuna taa iliyotengenezwa kwa ajili ya kukwelea mkarafuu usiku. Mwenye shamba anayewapa wachumaji wake taa ili wachume zaidi baada ya jua kutua, ajue kwamba anachonunua si mwanga.

Hivi basi naleta mashauri matatu kwa chama chetu. Kwanza, kamati ichague aina mbili tu za taa, moja ya kutundika kibandani na moja ya kuvaa kichwani, tuzinunue kwa pamoja ili bei ishuke na betri zilingane dago kwa dago. Pili, kabla ya kununua nyingi, zinunuliwe mbili tu, ziwashwe kwa mwanga wa kati wakati wa magharibi mbele ya wanachama, na mtu akae nazo aandike saa zitakapofifia. Usiku mmoja wa kukesha utatuambia zaidi ya masanduku yote ya madukani. Yasiyofaa yarudishwe. Tatu, iandikwe katika kanuni zetu kwamba adhana ya magharibi ikisikika, kila aliye juu ateremke, na kupima pishi kufanywe mahali penye taa ya kutosha, mchumaji akiona kwa macho yake kipimo chake. Ugomvi mwingi wa pishi tunaousuluhisha kila mwaka hautokani na uchoyo. Watokana na kupima gizani, mmoja akiona pishi imejaa na mwingine akiona haijajaa.

Pia betri zilizokufa zisitupwe kisimani wala motoni. Zikusanywe katika kopo moja dago zima, ziletwe ofisini msimu ukiisha, na kamati itafute pa kuzipeleka.

Ile kurunzi yangu kubwa ninayo bado. Mwanachama akitaka kuiona na aje nyumbani, yuko radhi kuitumia apendavyo, ila kwa dago sitamwazima, maana nitakuwa nimemkosea. Nimekwisha nunua tochi ya kichwani na taa ya jua, na tochi ndogo ya betri moja ya AA nimeifunga shingoni kwa uzi, kama alivyofanya mzee wa Ruvu. Msimu ujao, Mungu akijaalia, nitakwenda nazo dago, na nitaleta habari zake hapa jaridani, ziwe njema au mbaya.

Wasalaam,
Mimi mwanachama mwenzenu, Pemba